Gulio la Xenia na Maisha ya Pili ya Vifaa vya Kupimia

Ukitoka Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio nchini Marekani, kuelekea kusini-magharibi, barabara inapita katikati ya mashamba ya mahindi na soya yanayotandaa hadi macho yanachoka. Katikati ya mwezi wa Mei mazao ndiyo kwanza yanachipua. Baada ya mwendo wa saa moja hivi unakaribia mji mdogo wa Xenia, na hapo magari yanaanza kusongamana, mengi yakiwa yamefungwa antena ndefu nyuma. Mdogo wangu, anayeishi Columbus na ndiye aliyekuwa akiendesha, akaniuliza, "Kaka, hawa wote wanafuata mashine kuukuu?" Nikamwambia wengi wao ndicho wanachofuata, na ndicho kilichonileta mimi kutoka Mwanza.

Kila Mei watu wa redio za ridhaa hukutana hapa katika mkusanyiko uitwao Hamvention, unaoandaliwa na chama chao cha Dayton. Ulianza mwaka 1952 katika hoteli ya Biltmore mjini Dayton. Mwaka 1964 ukahamia Hara Arena, ukakaa huko zaidi ya nusu karne, na ukumbi ule ulipofungwa mwaka 2016 ukapata makao mapya kwenye viwanja vya maonyesho vya Xenia kuanzia 2017. Kwa siku tatu hupita hapo watu zaidi ya 30,000. Ndani ya majengo kampuni huonesha redio mpya zinazong'aa. Nje, kwenye majani yaliyozungukwa na njia ya mbio za farasi, kuna gulio la mitumba: meza, maturubai na magari yaliyofunguliwa milango ya nyuma, safu baada ya safu.

Eneo hili lina sababu ya kuwa na utajiri wa namna hii. Dayton ndiko ndugu Wright walikokuwa na duka lao la baiskeli. Ndiko kampuni ya NCR ilikoanza kutengeneza mashine za kuhesabia fedha za madukani mwaka 1884. Na pembeni ya mji ipo kambi ya jeshi la anga ya Wright-Patterson, yenye maabara za utafiti. Mahali penye viwanda na maabara huwa na vifaa vya kupimia, na vifaa hivyo huondolewa kazini kwa sababu ambazo mara nyingi hazihusiani na ubovu. Mtengenezaji ametangaza kwamba hatauza tena vipuri. Mhasibu amekifuta kwenye vitabu. Mradi umekwisha. Kifaa kilichonunuliwa kwa bei ya gari kinatoka kwa bei ya simu ya kawaida, kikiwa bado kizima.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kurushia matangazo ya FM, na wateja wangu ni redio za jamii za Kanda ya Ziwa. Redio hizi hazina fedha za kununua vifaa vipya vya maabara, na mimi sina pia. Kwa hiyo nilikwenda Xenia na karatasi yenye maswali matatu, bila jina la kifaa hata kimoja. Wati ngapi zinatoka kwenye mtambo kwenda antena, na ngapi zinarudi? Je, masafa yanakaa pale yalipopangiwa? Na ndani ya saketi, umeme unaonekanaje? Niliamini kabla ya safari, na gulio likanithibitishia, kwamba anayeingia na maswali hutoka na vifaa vya kazi, na anayeingia na tamaa hutoka na mzigo.

Meza ya kwanza niliyosimama ilikuwa ya mzee mmoja, mhandisi mstaafu, aliyepanga osiloskopu za Tektronix juu ya turubai. Tektronix ilianzishwa Portland, Oregon, mwaka 1946, na modeli yake ya 465, iliyotoka mwaka 1972, ilibebwa na mafundi wa kompyuta na mawasiliano pande nyingi za dunia. Ina njia mbili, uwezo wa megahezi 100 na uzito wa kilo kumi hivi, yaani mtu mmoja anapanda nayo mlimani.

"Inafanya kazi, mzee?" nikamuuliza.

"Inawaka," akajibu. Kuwaka na kufanya kazi ni mambo mawili, naye alilijua hilo, kwani aliendelea palepale: "Nina betri na inveta garini. Ichomeke ujionee mwenyewe."

Chema chajiuza. Muuzaji anayekupa umeme na muda amekwisha kukueleza mengi kuhusu mali yake. Niliiacha ipate joto kwanza, kwa sababu skopu ya umri huu haisemi ukweli wake kabla ya dakika ishirini hivi. Kisha nikaweka probu kwenye kijiti cha mbele kinachotoa mawimbi mraba ya milivolti 300. Nilipoweka swichi kwenye volti 0.1 kwa kijumba, wimbi lilipaswa kuwa na urefu wa vijumba vitatu kamili kwenye kioo, na likawa hivyo kwenye njia zote mbili. Ukubwa wa wimbi lile unaaminika, lakini kasi yake ni ya kukadiria tu, kwa hiyo haifai kupimia upande wa muda. Kwa kazi hiyo nilikuwa na kibao kidogo cha saketi mfukoni chenye kristali ya megahezi 10 na betri yake. Wimbi la megahezi 10 hukamilika kila sehemu ya kumi ya maikrosekunde. Nikaweka skopu kwenye kasi hiyohiyo, na mawimbi yakajipanga moja kwa kila kijumba, kuanzia ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Hapo ndipo nilipoanza kuzungumza bei.

Pembeni yake kulikuwa na dada yake mdogo, modeli ya 2465, yenye megahezi 300 na maandishi ya vipimo juu ya kioo. Ni mashine nzuri sana. Lakini ndani yake zipo saketi ambazo Tektronix ilijitengenezea yenyewe, na mojawapo, inayoandikwa U800 kwenye michoro, inajulikana kwa kuungua kutokana na joto. Ikiungua, njia iliyobaki ni kuing'oa kutoka mashine nyingine iliyokufa. Kwa mtu wa Oregon hilo ni tatizo la wiki moja. Kwa mtu wa Mwanza linaweza kuwa mwisho wa kifaa. Ndani ya 465 kuna transista na kapasita nyingi za kawaida, ambazo fundi huzitafutia mbadala zikifa. Nikachukua 465.

Hata hivyo, mipaka ya kifaa lazima ijulikane siku ileile kinaponunuliwa. Skopu ikiandikwa megahezi 100, maana yake ni kwamba kwenye masafa hayo inaonesha takriban asilimia 70 tu ya volti zilizopo kweli. Vituo vya FM viko kati ya megahezi 88 na 108, palepale inapoanza kupungukiwa. Fundi anayesoma nguvu za mtambo wa FM kwenye skopu hii atapata jibu dogo kuliko ukweli, na atamlaumu asiyehusika. Kazi yake ipo kwenye pawasaplai, kwenye sauti na kwenye saketi za kudhibiti, na huko haina mshindani kwa bei yake.

Kwa nguvu za antena kuna kifaa kingine, nacho ni mzaliwa wa jimbo hilihili. Wati-mita ya Bird 43 inatengenezwa Solon, karibu na Cleveland. Ni kijisanduku chenye mshale, kimepita ndani yake kipande cha njia ya omu 50, na katikati kuna tundu la kuchomeka kichwa cha duara chenye ukubwa wa bilauri ndogo. Kichwa hicho kina alama ya mshale: ukiuelekeza kwenye antena unasoma nguvu inayokwenda, ukiuzungusha kuelekea mtambo unasoma inayorudi. Haina betri wala haihitaji umeme wa ukutani. Sindano husukumwa na nguvu ileile inayopimwa. Kwa anayefanya kazi kwenye minara ambako umeme hukatika, hiyo ni faida kubwa.

Kwenye gulio vichwa vya Bird vilikuwa vingi, vimerundikwa kwenye makopo, na hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kusoma kila herufi. Namba ya kwanza ni wati za juu kabisa, herufi inayofuata ni masafa. H ni megahezi 2 hadi 30, C ni 100 hadi 250. FM yote inatosha kwenye B, megahezi 50 hadi 125. Watu wengi wa gulio lile hucheza na masafa ya chini, kwa hiyo vichwa vya H vilikuwa tele na vya B vya kutafuta. Nilizunguka safu nyingi hadi nikapata 500B na 100B.

Mdogo wangu alinishangaa. "Kaka, kama cha 500 kinapima hadi 500, cha 100 cha nini tena?"

Ni swali zuri, na jibu lake linafaa kila anayenunua mita ya sindano. Usahihi wa Bird ni asilimia 5 ya mwisho wa kipimo, si ya kile unachosoma. Kichwa cha wati 500 kinaweza kukosea wati 25 popote sindano ilipo. Ukisoma 450, kosa hilo si kitu. Ukisoma wati 20 zinazorudi kutoka antena, kosa ni kubwa kuliko jibu. Kwa hiyo nguvu inayokwenda hupimwa kwa kichwa kikubwa na inayorudi kwa kidogo, na kichwa kidogo hakielekezwi kamwe upande wa antena wakati mtambo umewashwa kwa nguvu zote, maana kitaungua.

Swali la masafa lilijibiwa na kifaa ambacho wengi walikuwa wakikipita. Kilikuwa kiboksi cha Trimble Thunderbolt kilichotolewa kwenye mitambo ya simu. Kazi yake ni kusikiliza satelaiti za GPS na kutoa megahezi 10 zilizonyooka kiasi kwamba kosa lake halina maana kwa kazi kama yangu. Muuzaji alinieleza waziwazi kwamba tarehe yake si sahihi. Ni kweli: GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na kuanzia mwisho wa Julai 2017 Thunderbolt hudhani iko mwaka 1997 na kuendelea. Mwenye kutaka kalenda ana haki ya kukiacha. Megahezi 10 zake hazikuguswa na kosa hilo, na mimi nilitaka hizo tu, ili nizichomeke nyuma ya kihesabu masafa changu cha Mwanza. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kituo cha FM chenye nguvu zaidi ya wati 50 kuyumba hezi 2,000, na hezi 2,000 kwenye megahezi 100 ni sehemu 20 katika milioni. Kihesabu cha zamani kilichosahihishwa na kiboksi hiki kinaliona kosa dogo kuliko hilo mara nyingi sana.

Kifaa cha mwisho nilichonunua kilikuwa multimita ya Hewlett-Packard 3478A ya miaka ya 1980, ya tarakimu tano na nusu. Ndani yake kuna betri ya lithiamu ya volti 3 inayotunza namba za usahihishaji zilizowekwa kiwandani au maabara. Betri ikiisha, mita itawaka, kioo kitaonesha tarakimu, lakini namba zile zitakuwa zimepotea na kila jibu litakuwa la kubahatisha. Kwa sababu hiyo sinunui 3478A kabla ya kuipima kwenye volti ninazozijua. Nilikuwa na kibao cha rejea cha volti 10, na mita ilikubaliana nacho.

Vipo pia nilivyoviacha, na kuviacha ni sehemu ya maarifa. Kulikuwa na HP 8568B, kichanganuzi cha masafa kilichowahi kuwa fahari ya maabara kubwa. Ni masanduku mawili yanayotegemeana, uzito wake kwa pamoja unapita kilo 40, na pale mezani nyaya za kuyaunganisha hazikuwepo. Bei ilivutia sana. Lakini sanduku moja bila jingine ni chuma, na masanduku mawili bila nyaya ni shughuli ya kutafuta nyaya. Kwenye karatasi yangu hapakuwa na swali ambalo kifaa kile kingelijibu kwa gharama hiyo. Tukiendelea kusafirisha mashine kwa sababu tu ni rahisi, tunahamishia taka za elektroniki kwenye yadi zetu.

Kutoka kwa yule mzee wa skopu nilipata kitu ambacho nakithamini kuliko skopu yenyewe: kitabu chake cha matengenezo, cha karatasi, chenye michoro ya kukunjua. Vitabu vya enzi ile vinaeleza jinsi kila saketi inavyofanya kazi, vinaonesha wimbi linalopaswa kuonekana kila kituo, na vinaongoza hatua kwa hatua namna ya kusahihisha mashine nzima. Vingi vimeskaniwa na watu wa kujitolea na vinapatikana kwenye intaneti. Kifaa kipya cha leo mara nyingi huja na kijitabu cha kukuonya usikifungue. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini fundi anayetaka kuelewa atajifunza zaidi kwenye mashine iliyoandikiwa kurasa mia za maelezo.

Skopu nilifungasha kwa godoro la sifongo pande zote na kioo kikitazama juu. Risiti za wauzaji nilizitunza pamoja na pasipoti, ili forodhani nioneshe bei niliyolipa.

Mwanza, hakuna kilichochomekwa ukutani siku ya kuwasili. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60, sisi volti 230 na hezi 50. Nyuma ya 465 kuna swichi ya kuchagua volti, na mashine yenyewe inakubali kuanzia hezi 48 hadi 440. Niligeuza swichi, nikaweka fyuzi ya nusu ya ile ya kwanza, kwa kuwa volti zikiongezeka mara mbili, ampea hupungua nusu. Nikafungua kifuniko na kukagua kwa macho na pua: kapasita iliyovimba, harufu ya kuungua, skrubu iliyolegea safarini. Ndipo nikaiwasha kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwenye mstari mmoja na mashine. Balbu ikiwaka sana na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia. Nikaiondoa na kupima umeme wa ndani kama kitabu kinavyotaka: volti 110, 55, 15, 5 na hasi 8.

Zote zilikuwepo, lakini ile ya 15 ilikuwa na mtetemo ambao sikuuona Ohio. Sababu ni hezi zetu. Kwenye hezi 60 kapasita ya pawasaplai hujazwa mara 120 kwa sekunde, kwetu mara 100. Kapasita iliyochoka, ambayo iliweza kuvumilia pengo fupi la Marekani, haikuweza kuvumilia pengo letu refu zaidi. Kapasita mpya ilimaliza jambo lile. Swichi za mbele za skopu, za volti kwa kijumba, nilizisafisha kwa spiriti na kipande cha karatasi laini, bila kukwangua, kwa sababu dhahabu ya viunganishi vile ni nyembamba sana. Kwa multimita, nilibadilisha betri huku volti 3 za pembeni zikiwa zimeunganishwa sambamba nayo, ili kumbukumbu isikose umeme hata kwa sekunde moja. Kisha ikapelekwa Dar es Salaam, kwenye maabara ya ugezi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Sina uwezo wa kupeleka kila kifaa huko, wala sihitaji. Mita moja ikishathibitishwa, nyingine za karakana hulinganishwa nayo, na kila moja ina daftari lake: tarehe, ilichosoma, kilichorekebishwa.

Bird ndiyo iliyopata kazi mapema. Redio moja ya jamii mkoani Kagera ililalamika kuwa wasikilizaji wa mbali wameanza kupotea, na mtambo ulikuwa ukijipunguzia nguvu wenyewe. Kwa 500B nikasoma wati 480 zikipanda. Kwa 100B, mshale ukielekea mtambo, nikasoma wati 60 zikirudi. Mtambo ulikuwa mzima. Shida ilikuwa juu. Tulipoweka mzigo wa majaribio wa omu 50 mahali pa antena, sindano ya kurudi ililala karibu na sifuri. Hiyo ilituthibitishia kwamba mita inasema kweli na kwamba kosa liko baada yake. Kijana wangu wa kazi alipanda mnara, akafungua kiunganishi cha juu, na maji yakatoka. Wenye redio walikuwa wamekwisha kuambiwa wanunue mtambo mpya. Walichohitaji kilikuwa kiunganishi, mkanda wa kuzuia maji na mtu mwenye kipimo anachoweza kukitetea.

Kifaa cha mtumba ni shahidi: huulizwa maswali kwanza, ndipo ushahidi wake hupokelewa. Nimeona vyuoni vifaa vya msaada vimefunikwa vitambaa kwa miaka kwa kukosa fyuzi, probu au kitabu. Anayepokea msaada wa namna hiyo ana haki ya kudai vitu hivyo kabla ya kutia sahihi, pamoja na karatasi ya vipimo vya mwisho. Na mwalimu mwenye skopu mbovu ya mwaka 1975 na kitabu chake ana somo zuri kuliko mwenye skopu mpya ambayo hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kuigusa.

Vijana wa karakana yangu sasa huanza Jumatatu kwa kulinganisha mita zao na ile iliyotoka TBS, na kuandika daftarini kabla ya kugusa kazi ya mteja. Mafundi wa jirani wameanza kuleta za kwao pia. Anayetaka alete: testa ya dukani, AVO ya babu yake, chochote chenye sindano au tarakimu. Tutailinganisha naye akiona, tutamwandikia tofauti yake kwenye karatasi, na hatutamtoza.